Mabomba ya Bembea na Soksi za Fundi Hironimus

Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2024. Asubuhi mawingu yalikaa juu ya milima ya Matogoro, kukawa na ubaridi kidogo. Saa nne jua likatoka, likawa kali. Upepo hakuna. Mvua za kupandia zilikuwa bado, ingawa kila aliyepita njiani alikuwa anatazama juu.

Fundi Hironimus Luambano, jirani yetu hapa Msamala, alikuwa akiiombea siku kama hiyo wiki nzima. Alihitaji jua, alihitaji upepo utulie ili vumbi la barabarani lisiruke, na alihitaji mvua isubiri mpaka jioni. Alikuwa anataka kupaka praima bembea ya watoto. Tena jioni hiyohiyo alikuwa anasubiri kuambiwa kama Mwalimu Lidwina atakubali kuolewa naye. Mambo mawili makubwa katika siku moja ni mengi kwa mtu mpole kama Hironimus. Tangu alfajiri alikuwa anapiga mluzi, na hatukuwahi kujua kwamba anajua kupiga mluzi.

Hironimus ana miaka hamsini na miwili. Ni mrefu, mwembamba, na sauti yake ni ndogo kuliko mwili wake. Anachomelea mageti, madirisha na vitanda kama mafundi wengine wa mjini, lakini sifa zake hazikutoka kwenye kuchomelea. Zilitoka kwenye ile kazi ya katikati, baada ya kuchomelea na kabla ya rangi, ambayo mteja haioni na mafundi wengi huiruka. Ukiona geti la zamani hapa mtaani ambalo halijatiririsha kutu chini ya bawaba, uliza, utaambiwa ni la Hironimus.

Alizaliwa Mpitimbi, kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi. Alipomaliza darasa la saba alipelekwa kujifunza ufundi kwenye karakana ya misheni, chini ya mzee mmoja aliyeitwa Emanuel. Mzee huyo alimpa bawaba moja na kipande cha msasa, akamwambia asugue mpaka ing'ae. Hironimus akasugua, akampelekea. Mzee akaishika kwa vidole, akaigeuzageuza, akamrudishia. Kesho yake, pale vilipogusa vidole vya mzee, palikuwa na madoa ya kutu yenye rangi ya chai.

"Umeona?" mzee akamwambia. "Hilo ni jasho langu. Sugua tena, na ukimaliza usimpe mtu yeyote kushika, hata mimi."

Hironimus hajasahau. Yeye husema chuma kilichokwisha kusuguliwa ni kama mtoto mchanga aliyetoka kuoga: humpitishi kwa wageni kabla hujampaka mafuta. Kwanza anagonga yale magamba ya kuchomelea, anapitisha brashi ya waya, anasugua kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, anapangusa kwa kitambaa chenye thina ili kutoa mafuta na vumbi, anaacha thina ikauke, halafu papo hapo anapaka praima, ile rangi nyekundu ya chini. Kati ya thina na praima hamna mkono wa mtu unaoruhusiwa kugusa. Yeye mwenyewe huvaa soksi nyeupe za pamba mikononi. Amejaribu glavu za dukani, anasema zinaacha unga. Soksi hizo huzifua mwenyewe, na huzianika kwenye kamba yake peke yake, mbali na nguo nyingine.

Sasa huku kwetu, ukimkuta mtu analima au anakanda unga, anakupa kifundo cha mkono umshike hapo, kwa kuwa kiganja chake ni kichafu. Hironimus anakupa kifundo kwa kuwa kiganja chake ni kisafi. Wageni hudhani anajivuna. Walimu na watumishi wanaohamia kutoka mikoa mingine huja nyumbani kwetu kuuliza wamemkosea nini yule fundi. Sisi tumezoea.

Mkewe, Anjelika, alifariki zamani kidogo. Watoto wamekua na wameondoka, mmoja yuko Njombe na mwingine Tunduru. Kwa muda mrefu Hironimus aliishi kwa chai, mihogo na kazi. Kisha mwezi Agosti akaja Mwalimu Lidwina.

Mwalimu Lidwina anafundisha watoto wa chekechea upande wa pili wa mtaa. Naye ni mjane, ana kicheko kirefu kinachotangulia mbele yake, ukikisikia unajua atatokea kwenye kona baada ya muda. Alikuja na mnyororo uliokatika wa bembea ya chekechea, akauliza kama unaweza kuungwa. Hironimus akautazama, akasema bembea yote imeoza, atatengeneza nyingine. Lidwina akauliza kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kumwuliza: "Fundi, kwa nini kutu inapenda kuanzia kwenye kiungio?"

Hironimus akajibu. Alijibu mpaka jua likashuka. Tulikuwa tunapita na kurudi, tunamkuta bado anajibu. Baada ya hapo Lidwina akawa anapata maswali mengine kila baada ya siku chache, na Hironimus akanunua shati.

Mwezi Oktoba akamtuma Mzee Fransisko awe mshenga. Mzee Fransisko aliendesha lori la tumbaku la Namtumbo mpaka alipostaafu, na bado anaongea kama anashindana na injini. Alikwenda kwa kaka yake Lidwina, kaka akasema dada yake ni mtu mzima, atajibu mwenyewe. Lidwina akaomba muda. Akasema jibu litatoka Jumamosi ile ambayo bembea itapakwa praima. Hironimus alimwomba Mzee Fransisko iwe siri, kwa hiyo mtaa mzima tulijua.

Basi Jumamosi hiyo bembea ilikuwa imesimama uani kwake, kubwa, miguu yake ya mabomba imepanuka, haiwezi kuingia kwenye banda. Alikuwa ameisugua tangu Alhamisi na usiku aliifunika kwa turubai kama mgonjwa. Kufika saa sita mabomba yote yalikuwa yanameta. Hironimus alivaa soksi mikononi, akaanza kupangusa kwa thina, mluzi mdomoni.

Ng'ambo ya njia, Fausta alikuwa anakaanga vitumbua. Fausta ametoka Iringa, ni Mhehe, na kwa kuwa Wahehe na Wangoni ni watani, hajawahi kumwacha Hironimus afanye kazi kwa amani hata siku moja. Akavuka njia, mikono yake inang'aa mafuta mpaka kwenye viwiko, akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mtani!"

"Usisogee," Hironimus akasema.

"Babu zako walikuja kututisha na mikuki. Wewe leo unanitisha na soksi!"

"Fausta, nakuomba. Nimeshapangusa upande huu."

"Nimekuja kukupa hongera tu. Nasikia jioni unaoa." Akanyoosha vidole vyote kumi, akavichezesha karibu na bomba. "Niweke mkono kidogo? Nibariki?"

"Bado sijaambiwa kama naoa! Fausta! Fausta!"

Fausta akaanza kuzunguka bembea, mikono mbele kama mtu anayewinda kuku, na Hironimus naye akazunguka upande wa ndani akijiweka katikati yake na mabomba, mikono ya soksi imetanuliwa kama golikipa. Walizunguka hivyo, wanaume wa kijiwe cha pale kando ya njia wakisimama kutazama, mpaka Fausta akaishiwa pumzi kwa kucheka, akainama akishika magoti yake mwenyewe. Gauni lake likapata alama mbili za mafuta.

"Afadhali gauni," Hironimus akasema. Akarudi kwenye thina. Mtani hakasirikiwi, lakini upande ule aliupangusa upya.

Nilimwuliza kama Mzee Fransisko amekwisha kupita. Akasema bado, mzee atakuja jioni na jibu, ndivyo walivyopanga. "Ndiyo maana nafanya kazi," akaongeza. "Nikikaa nitakuwa mwehu."

Alimaliza kupangusa kama saa nane. Akafungua kopo la praima, akaanza kukoroga taratibu kwa kijiti, akisubiri thina ikauke. Hapo ndipo tuliposikia kile kicheko kwenye kona.

Mwalimu Lidwina alitokea amevaa kitenge kipya, amesuka nywele, na viatu vyake vimepigwa rangi. Sisi wote tuliona. Fausta aliacha kitumbua kiungue. Hironimus peke yake aliona vumbi lililokuwa linainuka chini ya viatu hivyo.

"Habari za kazi, Fundi?"

"Nzuri, Mwalimu. Karibu. Simama hapohapo kwanza, vumbi litulie."

Lidwina akasimama. Akavuta pumzi. Kisha akasogea hatua chache, taratibu, bila kuinua vumbi, akanyoosha mikono yake miwili kwa pamoja mbele ya macho ya mtaa mzima.

Hironimus akaitazama ile mikono. Akatazama mabomba. Akaitazama tena ile mikono. Kisha akakunja ngumi ndani ya soksi na kumpa kifundo.

Halafu Fausta akapasuka kwa kicheko, na kijiweni wakapasuka, na mimi pia nilicheka, nakiri, kwa sababu ilikuwa ni Hironimus yuleyule wa siku zote. Lidwina naye alicheka. Lakini kicheko chake kilikatika njiani, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Akagusa ile soksi kwa kidole kimoja tu.

"Haya, Fundi. Kazi njema," akasema, akageuka, akaenda zake.

"Ahsante, Mwalimu! Wiki ijayo watoto watapanda!" Hironimus akamwitia, amefurahi kwamba amekuja kuiona bembea.

Alikuwa anachovya brashi kwa mara ya kwanza wakati Mzee Fransisko alipoingia uani akitweta, amevaa koti jeusi lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Amekuja?"

"Shikamoo, mzee. Nani?"

"Marahaba. Lidwina! Amekwisha kuja?"

"Ametoka sasa hivi. Alikuja kuangalia bembea."

Mzee Fransisko akatabasamu mpaka masikioni. "Kuangalia bembea! Alikupa mikono?"

"Alinipa, yote miwili."

"Ukaipokea!"

"Nilimpa kifundo. Nimeshapangusa thina, mzee, siwezi kushi..."

Mzee Fransisko akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Hironimus, mwanangu. Jana nilikwenda kuchukua jibu. Akaniambia, 'Mzee, mimi si msichana mdogo wa kusemewa na mjumbe. Kesho nitakwenda mwenyewe, mchana kweupe. Nitampa mikono yote miwili mbele ya watu. Akiipokea, nendeni mkaandikishe matangazo ya ndoa kanisani.' Akaniambia nikwambie asubuhi, usije ukashtuka."

Praima ilidondoka toka kwenye brashi ya Hironimus, ikamwangukia kiatuni.

"Kwa nini hukumwambia?" Fausta, aliyekuwa ameshavuka tena njia, akauliza kwa niaba yake.

"Koti langu lilikuwa kwa dobi!"

"Koti!"

"Wewe mama, hivi jambo kubwa kama hilo mshenga analisema akiwa na fulana?"

Fausta akashika kichwa kwa mikono yake ya mafuta. "Mtani! Yaani umeikataa mikono ya Mwalimu kwa ajili ya mabomba! Naye ameondoka anajua umemkataa! Mbele yetu wote! Na sisi tumecheka!"

Hapo ndipo nilipokumbuka jinsi kile kicheko kilivyokatika, nikaona aibu.

Hironimus alitazama njia aliyopita Lidwina. Kisha akatazama Matogoro, ambako mawingu yalikuwa yameanza kushuka, meusi chini. Kisha akatazama bembea, imesimama tupu, safi, haina hata alama ya kidole. Kazi ya siku tatu. Ikinyeshewa hivyo ilivyo, kesho itakuwa ya rangi ya chai toka juu mpaka chini. Na Lidwina alikuwa anazidi kwenda.

"Kimbia, mtani!" Fausta akasema. "Sisi tutapaka."

"Nyinyi?" Hironimus akasema, kwa uso wa mtu aliyeambiwa mahindi yake yatalindwa na mbuzi.

"Sisi! Kimbia!"

Akakimbia. Alifika njiani, akarudi, akamkabidhi Mzee Fransisko brashi kama anayemkabidhi mtoto, akakimbia tena. Tumsifu, kijana wa bodaboda, alikuwa kijiweni na pikipiki yake imeshawashwa, maana alikuwa amefuatilia yote. Hironimus akapanda nyuma bila kofia, soksi bado ziko mikononi, na pikipiki iliondoka huku yeye amegeuka nyuma akipiga kelele kubwa kuliko zote alizowahi kupiga:

"Vaeni soksi! Anzieni kwenye viungio! Brashi msiijaze! Pakeni nyembamba! Nyembambaaa!"

Akapotea kwenye kona.

Tulitazamana. Mzee Fransisko akakaa chini, akaanza kuvua viatu.

"Mzee," Fausta akasema, "soksi zenyewe ndizo hizo za mguuni? Ukishikia hizo, chuma kitaoza kabla ya mvua."

Fausta akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akaenda kwenye kamba yake ya nguo, akarudi na soksi za shule za wanawe, nyeupe, zenye mistari ya bluu juu. Tukagawana. Mimi nilipata moja ndefu na moja fupi. Wanaume wa kijiweni wakaleta brashi nyingine kutoka bandani, na watu wazima sita tukaanza kupaka praima tumevaa soksi za watoto.

Sitajisifu. Tulianzia kwenye viungio kama alivyosema. Lakini "nyembamba" kwa Fausta ilikuwa kama siagi ya mtoto wa shule anayependwa. Praima ilitiririka. Ilishuka miguuni mwa bembea kwa matone makubwa mekundu, na Fausta akiyafukuza kwa brashi, yakizidi. Mzee Fransisko, juu ya ngazi, alisimamia bomba la mlalo, akitoa amri kama yuko kwenye mlima wa Lukumburu na breki hazishiki: "Kushoto! Kushoto kwako! Rudi nyuma!" Mawingu yakazidi kushuka, na sisi tukazidi kucheka, maana mkono ukivaa soksi hauwezi hata kujikuna pua, na sote pua zilituwasha.

Yaliyotokea kwa Hironimus niliyapata kwa Tumsifu, na Mwalimu Lidwina mwenyewe ameyasahihisha.

Walimkuta Lidwina karibu na mashine ya kusaga, mahali ambapo Jumamosi kuna foleni ya wanawake wenye ndoo za mahindi. Tumsifu anasema Hironimus aliruka kabla pikipiki haijasimama, akapiga magoti. Lidwina anasema hakupiga magoti, aliteleza kwenye pumba. Vyovyote vile, alikuwa chini, na alikuwa anavuta soksi kwa meno, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto. Akazitupa. Akanyoosha mikono miwili, mitupu.

"Mwalimu," akasema. "Sikujua. Fransisko alikwenda kuchukua koti."

Wanawake wa foleni hawakuelewa kitu, lakini walisogea wote.

Lidwina akamtazama. Kuna unga ulikuwa unaelea toka mashineni, umeanza kumtia weupe kwenye nywele.

"Fundi," akasema, "mimi leo nimeshika chaki." Akakunja ngumi, akampa kifundo.

Hironimus akakitazama kile kifundo. Tumsifu anasema hajawahi kumwonea mtu huruma kiasi hicho. Kisha Hironimus akakishika kwa mikono yake yote miwili, taratibu, jinsi anavyoshika bomba lililokwisha kupanguswa, na akabaki hivyo. Hakuachia.

Hapo kile kicheko kikarudi. Tumsifu anasema kilisikika kuliko mashine. Lidwina akafungua ngumi, akaleta na mkono wa pili, na wanawake wa mashineni, ambao bado hawakujua ni jambo gani lakini walijua ni zuri, wakapiga vigelegele, unga ukiruka.

Tone la kwanza la mvua likamwangukia Hironimus puani.

"Praima!" akasema.

"Nini?"

"Wanapaka, Lidwina! Fausta anapaka!"

"Basi twende, kabla hujaanza kulia."

Walirudi watatu kwenye pikipiki moja, mshikaki, jambo ambalo mwalimu hapaswi kuonekana akifanya, na Lidwina alikaa katikati akicheka mtaa mzima. Tulimsikia tangu mbali. Fausta, juu ya ndoo, brashi juu, alisema, "Kicheko hicho kizima, hakijakatika!" na kabla hata hawajatokea kwenye kona akaanza kupiga vigelegele.

Tulikuwa tumebakiza mguu mmoja. Hironimus akaruka, akaangalia, akafunga macho, akayafungua. Nadhani alikuwa anaomba. Kisha akasema, "Mmefanya vizuri sana," na huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema. Alinyakua brashi, akamaliza mguu wa mwisho kwa mikono mitupu, haraka, nyembamba, laini kama kioo.

Mvua ikaja. Turubai lilikuwa pale, lakini lisingeweza kulazwa juu ya praima mbichi, lingegandia. Ilibidi liinuliwe. Kwa hiyo tulisimama chini yake, Hironimus, Lidwina, Fausta, Mzee Fransisko, Tumsifu, mimi na wale wa kijiweni, tumebanana katikati ya miguu ya bembea, mikono juu, tumelishika turubai lisiguse bomba, na sisi wenyewe tukijikunyata tusiguse bomba, mvua ya kwanza ya msimu ikipiga juu yetu kama ngoma. Hakuna aliyeweza kusogea. Hakuna aliyeweza kushusha mkono.

"Mtani," Fausta akasema, "pua inaniwasha."

"Vumilia."

"Sasa nimekuvumilia miaka mingapi na hizo soksi zako?"

"Mwalimu," Mzee Fransisko akasema kwa ile sauti yake ya lori, "mimi kama mshenga, kwa kuwa nimevaa koti, nakuuliza rasmi mbele ya hawa: jibu ni lipi?"

"Mzee, jibu nimeshalitoa mashineni!"

"Mashineni mimi sikuwapo."

"Basi ni ndiyo," Lidwina akasema, mikono yake juu, maji yakimtiririka viwikoni. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo, na turubai linavuja upande wako."

Tukapiga kelele zote tulizokuwa nazo, kwa kuwa makofi hatukuweza kupiga. Hironimus alikuwa analia au ni mvua, sikuweza kujua, na alikuwa ameanza tena mluzi.

Mvua haikukaa, zile za kwanza hupita upesi. Jua likarudi, vumbi likawa limelala, na ardhi ikatoa ile harufu inayowafanya watu watafute jembe. Praima ilikuwa imepona. Kitu kimoja tu ndicho hakikupona: tulipotoka chini ya turubai tuliona mstari mwekundu umepita mgongoni mwa koti la Mzee Fransisko, toka begani mpaka kiunoni. Hakuna aliyemwambia. Alilivaa akaenda nalo mpaka kwa katekista kuandikisha matangazo, ametembea kifua mbele.

Kesho yake asubuhi ilikuwa Jumapili ya Kristo Mfalme. Hironimus alikwenda misa ya kwanza, akakaa benchi la katikati. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, akageuka, akampa mkono aliye kulia kwake, na aliye kushoto, na wa benchi la mbele, na wa benchi la nyuma, kiganja kizima kwa kila mtu. Kisha akatoka kwenye benchi lake, akavuka upande wa wanawake, akampa Fausta, akampa Lidwina, na padri akalazimika kusubiri kidogo. Baada ya misa alirudi nyumbani, akavua shati jipya, akavaa soksi mikononi, akachukua kipande cha msasa laini na kuchuchumaa chini ya bembea.

"Leo Jumapili, mtani!" Fausta akamwitia toka ng'ambo. "Kazi hairuhusiwi!"

"Hii si kazi," Hironimus akajibu. "Hii ni malipizi ya dhambi zako." Akaanza kusugua matone ya Fausta, moja baada ya jingine, toka juu kuja chini.